Historia Haifutwi, Alisema Gathogo

Katika ushirika wa maziwa wa Rugongo-ini, juu kidogo ya Mweiga, ng'ombe walikuwa hawazeeki. Walikuwa wanarudi ujanani! Ng'ombe aliyekuwa na miaka tisa mwaka juzi, mwaka jana alikuwa na saba, na wiki ya kutafutiwa mnunuzi alikuwa na minne na nusu, meno yakiwa yamemwisha mdomoni. Muujiza huo haukutokana na majani wala hewa safi ya Nyandarua. Ulitokana na kifutio.

Rekodi za ng'ombe wote ziliandikwa kwa penseli katika daftari moja kubwa. Mwanachama aliyetaka ng'ombe wake apungue umri alimpitishia karani chai na andazi. Karani akafuta, akapuliza, akaandika upya, na ukweli wa jana ukabaki vumbi mezani.

Ndipo akaajiriwa Gathogo.

Gathogo alikuwa na diploma ya kompyuta, viatu vilivyochongoka mbele, na miwani ya vioo vitupu aliyoivaa ili sura yake ionekane imesoma. Wiki ya kwanza aliwaambia wenzake ofisini kuwa yeye si karani, ni msanifu wa data. Wiki ya pili alimwambia bawabu hivyo hivyo, na bawabu akamwuliza kama msanifu anaweza pia kutengeneza redio.

Lakini tusimwonee, kazi aliijua. Kwa miezi miwili aliingiza ng'ombe wote mia nne na kumi na wawili kwenye kompyuta, kila ng'ombe na mstari wake: jina, umri, uzito, lita za maziwa kwa siku, tabia, maoni. Kisha akaiita kamati ije ione maajabu.

"Hii hapa ni jedwali ya leo," alisema, akigonga skrini kwa kalamu. "Na hii ya pili ni jedwali ya historia. Ukibadilisha kitu yoyote, ile ya zamani haipotei. Inahamia huku, na tarehe ilianza, tarehe iliisha, na jina ya mtu aliguza. Mtu akiniuliza, Gathogo, huyu ng'ombe alikuwa aje tarehe kumi mwezi wa pili? Nabonyeza tu, namwona vile alikuwa! Ni kama kufufua wafu, ni vile tu hakuna kelele."

"Na mtu akikosea?" akauliza Mama Tabby.

Mama Tabby, jina la ubatizo Phyllis, alikuwa mwenyekiti wa ushirika. Alikuwa mama wa kifua cha kuzuia upepo, na akizungumza na jirani wa ng'ambo ya bonde hakuhitaji simu.

"Akikosea, kosa yake inabaki, Mama. Na jina yake inabaki kando ya kosa."

"Na wewe mwenyewe ukitaka kufuta?"

Hapo mtu mwenye busara angenyamaza anywe chai. Gathogo alisimama!

"Hata mimi! Hata Gathogo mwenyewe hawezi! Najinyima ruhusa mbele yenu wote!"

Akaiamuru mashine itunge nywila moja tu ya kufutia, herufi arobaini zilizovurugwa ambazo hakuna binadamu angezikumbuka. Akaichapa kwenye karatasi, akaitia karatasi katika bahasha, akailamba bahasha, akaitia sahihi kwa juu, akamkabidhi Mama Tabby kwa mikono miwili. Mama Tabby akaitia ndani ya Biblia, Biblia akaitia mkobani, mkoba akaubana kwapani. Kamati ikapiga makofi. Na kwa yeyote atakayejaribu kufuta bila nywila hiyo, Gathogo akatunga onyo la herufi nyekundu: HAIWEZEKANI. HISTORIA HAIFUTWI. GATHOGO.

Majigambo hayo yote yalikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mlango wa nyuma, ikipima maziwa ya wanachama kabla hayajamiminwa. Aliitwa Tabby. Naam, Tabby yule yule wa Mama Tabby. Yeye na Gathogo walikuwa wamependana kwa miezi minane bila nyumbani kujua, na walikuwa wamepatana kwamba Mama ataambiwa baada ya mkutano mkuu wa mwaka, Gathogo akishang'ara mbele ya wanachama wote na jina lake likiwa tamu mdomoni mwa mwenyekiti. Mkutano ukienda vizuri, atapata mke. Ukienda vibaya, Tabby alisema, "Wewe humjui Mama."

Basi Jumanne moja asubuhi Gathogo alikwenda nyumbani kwa Mama Tabby kumpima Malaika. Malaika alikuwa ng'ombe wa mwenyekiti, kipenzi chake, anayesifiwa hadi kanisani. Gathogo alikuwa amepiga suruali pasi mpaka ukingo wake ungekata mkate, maana alitaka kuanza kupanda mbegu njema mapema.

Aliachwa getini saa nzima! Mbwa akimtazama kama sahani ya nyama. Mwishowe Mama Tabby akatokea akifuta mikono.

"Ni wewe wa kusoma mita ya stima?"

"Hapana, Mama. Ni mimi Gathogo. Wa ofisi. Wa data."

"Ati wa nini? Haya, pitia huko nyuma. Na usinikanyagie nyasi."

Walikuwa wameonana kwenye kamati siku nne tu zilizopita! Gathogo alimpima ng'ombe, akarudi ofisini saa saba mchana akiwa anatokota. Wenzake walikuwa wameenda kula. Na akakumbuka kwamba bado hajaijaribu historia yake kwa rekodi halisi.

Sasa, kila fundi wa kazi hiyo anajua kwamba majaribio hufanywa kwenye nakala, pembeni, mbali na mali ya watu. Gathogo alisema nakala ni za waoga. Akafungua mstari wa Malaika, akafuta jina, akaandika: Phyllis. Umri: miaka arobaini na tisa, tangu zamani. Uzito: kilo mia tisa. Lita kwa siku: sifuri. Tabia: hupiga teke bila kuulizwa, huacha wageni getini. Maoni: auzwe Karatina siku ya soko, na asirudishwe.

Akabonyeza Hifadhi. Akacheka peke yake hadi miwani ikaanguka. Kisha akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akabonyeza Hifadhi tena, akafungua jedwali la historia aone kama mtego umenasa.

Ulikuwa umenasa! Toleo la kwanza, Malaika. Toleo la pili, Phyllis. Toleo la tatu, Malaika. Tarehe ipo, saa ipo, dakika ipo. Aliyegusa: Gathogo, Gathogo, Gathogo.

"Imefanya kazi!" akapaza sauti, akaruka.

Kisha akaketi polepole. "Imefanya kazi," akasema tena, kwa sauti ya mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Akajaribu kulifuta toleo la pili. HAIWEZEKANI, ikasema mashine. HISTORIA HAIFUTWI. GATHOGO. Akajaribu mara ya pili, labda mashine ingemhurumia. Mashine haikumhurumia, maana aliyeiunda hakuitilia huruma. Akampigia simu rafiki yake Dawud, mwenye duka la kutengeneza kompyuta mjini Nyeri.

"Dawud, ndugu yangu. Mtu akiwa na historia haifutiki, anaifuta aje?"

"Nani aliitengeneza isifutike?"

"Fundi fulani."

"Fundi gani huyo?"

"Mzuri sana."

Dawud akacheka mpaka mteja wake akasikika akiuliza kama kuna mgonjwa. "Gathogo, mimi si nilikwambia ujaribie kwenye nakala? Haya, nywila ya kufutia iko wapi?"

"Iko kwa Biblia."

"Biblia ya nani?"

"Ya Phyllis."

"Na hayo uliyoyaandika yanamhusu nani?"

Gathogo akamwuliza biashara inaendeleaje. Dawud akaelewa, na kicheko kikamwisha.

"Nenda ukamwambie leo hii," akasema. "Leo ni mstari mmoja. Omba msamaha, atakufokea, yaishe."

Ushauri mzuri huo! Lakini Gathogo alikuwa msanifu, na msanifu haombi msamaha kama kuna njia ya kuzunguka. Akakumbuka kwamba ukurasa wa historia huonyesha matoleo kumi tu, mapya yakiwa juu. Basi akiongeza mapya ya kutosha, lile la pili litasukumwa chini hadi ukurasa wa pili. Na ni nani Rugongo-ini aliyewahi kufungua ukurasa wa pili wa kitu chochote?

Akaanza. Toleo la nne, akamwongeza Malaika kilo moja. La tano, kilo nyingine. La sita, akampunguza. La saba na la nane, akamwongeza tena, mpaka ng'ombe wa watu akawa anapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Kufika la tisa alikuwa amechoka na kilo. Akaona heri aweke maneno matamu kwenye maoni, ili mtu akifika huko kwa bahati mbaya akute na sifa.

Toleo la tisa: Mwenye ng'ombe huyu ni mama mcha Mungu. La kumi: Tena ana sura nzuri. La kumi na moja: Sura changa kuliko miaka yake. La kumi na mbili: Heri kijana atakayemwita mama mkwe. La kumi na tatu: Kijana huyo hayuko mbali. La kumi na nne: Ee Mungu nisaidie. La kumi na tano: Shuka chini wewe toleo la pili, shuka! La kumi na sita: Amina.

La kumi na saba akamrudisha Malaika na kilo zake halali, akajifuta jasho, akatazama. Ukurasa wa kwanza haukuwa na Phyllis! Gathogo akaenda kula, akaagiza githeri sahani mbili. Alikuwa ameuzika mfupa mmoja kwa kuurundikia mifupa kumi na mitano, na akajiona mjanja.

Siku ya mkutano mkuu ikafika. Hema likasimamishwa kando ya mashine za kupozea maziwa, wanachama zaidi ya mia mbili wakaketi na vikombe vyao vya chai, na projekta iliyoazimwa kanisani ikaelekezwa kwenye ukuta mweupe wa ofisi. Mbele kabisa aliketi Mama Tabby na mkoba wake, na kando yake mumewe, Mzee Mutahi, mtu wa maneno machache ambaye tangu awe mwanachama hakuwahi kusimama mkutanoni ila kwenda kuongeza chai.

Gathogo alifunga tai nyekundu. Akaeleza jedwali la leo, akaeleza jedwali la historia, akachagua ng'ombe wa kuonyesha kwa uangalifu mkubwa: ng'ombe wa Muriithi, mpole, mwenye matoleo mawili tu maishani mwake. Watu wakashangilia. Mama Tabby akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kule nyuma Tabby akatabasamu, na Gathogo akaona harusi.

Ndipo akasimama Wamae.

"Mwenyekiti, mimi niko na swali. Mwezi wa tatu nilinunua mtamba ya Malaika. Niliambiwa mama yake anatoa lita ishirini na mbili. Sasa watu wananiambia Malaika hajawahi fika hapo hata siku ya Krismasi. Huyu kijana amesema mashine inafufua. Afufue Malaika, tuone vile alikuwa mwezi wa pili!"

Gathogo akakaza tai. "Mzee Wamae, hiyo tunaweza kuangalia pole pole baada ya mkutano..."

"Kwa nini baada?" Mama Tabby alikuwa amekwisha simama. "Kwani mimi niko na nini ya kuficha? Fungua!"

"Mama, ni vile mtandao..."

"Ulisema haitaki mtandao."

"Basi stima iko chini kidogo..."

"Hiyo taa inawaka na nini? Kijana, fungua ng'ombe yangu!"

Akafungua. Ukutani ukajitokeza ukurasa wa kwanza, na kabla watu hawajaanza kusoma, Wamae akapiga kelele. "Sitaki ya juzi! Nataka ya mwanzo!"

Na kulikuwa na kitufe cha mwanzo. Kikubwa, cha kijani, kimeandikwa ANZA MWANZO, cha kuonyesha matoleo yote kuanzia la kwanza. Gathogo mwenyewe ndiye aliyekitengeneza, ili hata ajuza wa miaka tisini asipate shida. Mkono wake ulipokawia, Mama Tabby alikuja akakibonyeza kwa kidole chake mwenyewe.

Ukuta ukabadilika. Toleo la kwanza: Malaika, lita kumi na nne.

"Kumi na nne!" akalia Wamae. "Mmeona? Kumi na nne!"

Hakuna aliyeona. Macho mia nne yalikuwa yameshuka mstari mmoja chini. Na katika mkutano huo alikuwapo Gikonyo, msomaji wa masomo kanisani, mtu ambaye hawezi kuona maandishi ukutani bila kuyasoma kwa sauti ya Jumapili.

"Jina: Phyllis," akasoma Gikonyo. "Umri: miaka arobaini na tisa, tangu zamani. Uzito: kilo mia tisa. Lita kwa siku: sifuri. Tabia: hupiga teke bila kuulizwa, huacha wageni getini. Maoni: auzwe Karatina siku ya soko, na asirudishwe." Akavua miwani, akawageukia watu. "Huyu Phyllis ni ng'ombe ya nani?"

Mtu mmoja alipaliwa na chai, akapigwa mgongo na jirani yake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Gathogo alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Rugongo-ini, iliyozoea kuporomoka kila masika, siku hiyo ikakaa imara.

"Endelea kusoma," akasema Mama Tabby, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Gikonyo akaendelea. Kilo moja juu, kilo moja chini. Mama mcha Mungu. Sura nzuri. Alipofika "Heri kijana atakayemwita mama mkwe," akina mama wawili walipiga ngemi, vigelegele vya harusi, kabla hawajavutwa sketi wakae. Alipofika "Shuka chini wewe toleo la pili," hema lote lilikuwa linalia machozi, na kila mstari ulikuwa na jina la Gathogo pembeni, na saa, na dakika.

"Tabby!" Mama Tabby akaita bila kugeuka.

Tabby akatokea nyuma ya mikebe ya maziwa, kipimo mkononi.

"Huyu anaongea juu yako?"

"Ni mimi, Mama."

"Na ulikuwa unaniambia lini?"

"Leo, Mama. Baada ya mkutano. Ukiwa na furaha." Akamtazama Gathogo, akamhurumia. "Mama, adabu hana, hiyo nakubali. Lakini ako na bidii. Si unaona amejaribu mara ngapi?"

"Na lita?" akauliza Wamae. "Si tuangalie hiyo lita!"

"Keti chini, Wamae!" wakasema watu mia mbili, na mwenyekiti hakuwakataza. Mzee mmoja wa safu ya tatu akainua mkono akitaka kujua kama na ng'ombe wake aliandikiwa kitu. Gathogo akamjibu hapana, hakuna. Mzee akaketi akinung'unika kwamba siku zote ni watu wakubwa tu wanaokumbukwa.

Mama Tabby akafungua mkoba. Akatoa Biblia. Akatoa bahasha.

"Hii ndiyo inafuta?"

"Ndiyo, Mama!" Moyo wa Gathogo ukamrudia.

"Nikikupatia, haya yote yanaisha?"

"Yote, Mama! Dakika moja!"

Mama Tabby akaitazama bahasha, akaisoma ile sahihi ya mbwembwe iliyokuwa juu yake. Akajipepea nayo mara mbili, maana kulikuwa na joto ndani ya hema. Kisha akairudisha ndani ya Biblia.

"Ulituambia historia haifutwi," akasema. "Mimi ni nani nikufanye mwongo mbele ya watu?"

Hapo ndipo Mzee Mutahi aliposimama, na mkutano mzima ukamgeukia, kwa kuwa hakuwa ameshika kikombe. Mabega yake yalikuwa yakitikisika tangu toleo la pili, na alikuwa amefunika uso kwa kofia muda wote. Sasa uso ulikuwa mkavu.

"Mimi mambo ya kompyuta sijui," akasema. "Nauliza tu. Hizo mistari zote ni ngapi?"

"Kumi na saba, Baba," akajibu Gathogo.

"Haya. Mambo ya ruracio na mahari iko na njia yake, wazee wenu watakuja na tutaongea. Lakini kabla hiyo, mama ya msichana ameguzwa mbele ya watu, na kwetu hiyo inaoshwa na mbuzi. Kila mstari, mbuzi moja. Mkuje na kumi na saba, ndio mlango ifunguliwe."

"Kumi na saba!" Gathogo akasahau adabu. "Lakini Baba, tusi ni moja tu! Hizo zingine ni kilo, na zingine ni sifa!"

"Sifa ya kuogopa pia ni mbuzi."

Watu wakapiga makofi. Hukumu ilikuwa imependeza. Tabby alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na mbele yake Gathogo aliona mbuzi kumi na saba wakipanda kilima cha Rugongo-ini, na mjomba wake, ambaye angelazimika kuwatoa, nyuma yao akimlaani. Akaona lazima alainishe mambo upesi. Na kwa kuwa ulimi ulikuwa umekauka, na vidole ndivyo vilivyokuwa vikimtumikia siku zote, akaufungua mstari wa Malaika pale pale, akaandika kwenye maoni: Samahani sana, Mama, kutoka moyoni. Akabonyeza Hifadhi.

Ukuta ukacheza kidogo. Mstari mpya ukajipanga chini ya mingine, na tarehe yake, na saa yake, na jina lake. Gikonyo akavaa miwani, akausoma kwa sauti.

Mzee Mutahi alikuwa ameshaanza kuketi. Akanyooka tena.

"Kumi na nane," akasema, akaenda kuongeza chai.